Usiku Mustafa Aliponyongwa, Sanduku la Kikoba Likagoma Kufunguka: uchambuzi wa kisa kutoka Ujiji

Kisa hiki nawaandikia wawezeshaji wenzangu wa vikundi vya kuweka na kukopa. Majina nimeyaondoa yote, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyageuza. Wahusika nitawaita kwa vyeo vyao ndani ya kikundi. Mimi ndiye mwezeshaji wao, na kama mtakavyoona, sehemu ya lawama ni yangu.

Usuli

Kikundi kina wanawake 24, kiko Ujiji, na wakati huo kilikuwa kwenye mzunguko wake wa tatu, yaani kipindi cha tatu cha kuweka na kukopa mpaka kugawana. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila Jumamosi mwanachama ananunua hisa moja hadi tano. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mkopaji. Wengi ni wachuuzi wa dagaa wanaonunua kwenye mwalo wa Kibirizi, wanakoshusha wavuvi, na kuanika wenyewe. Wengine wanauza mawese, wawili wana vyerehani. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu, na watunza funguo ni watu watatu ambao hawaruhusiwi kuwa viongozi. Sanduku lenyewe linalala kwa Mweka Hazina. Hapo hakuna jipya kwa yeyote anayeifahamu kazi hii.

Jipya ni hili: wanachama wawili ni wake wa mume mmoja. Mke Mkubwa yumo tangu mzunguko wa kwanza. Mke Mdogo aliingia mzunguko wa pili, na kwa kuwa anajumlisha kichwani haraka kuliko wahesabu fedha wanavyobonyeza kikokotoo, akachaguliwa kuwa Mweka Hazina. Mke Mkubwa naye alimnyooshea mkono. Uke wenza Ujiji si habari ya kuandika gazetini, na hawa wawili walikuwa wakiishi kwa salamu na heshima, kila mmoja na nyumba yake.

Mikutano inafanyika barazani kwa Mwenyekiti. Baada ya kufunga sanduku, wengi walikuwa wanahamia sebuleni kwake kusogoa, na usiku wa katikati ya wiki wanarudi tena kutazama tamthilia. Kifurushi cha king'amuzi kikiisha, kililipwa kutoka mfuko wa jamii. Walipigia kura ya mikono. Nilikuwepo na sikusema neno, ingawa mfuko ule ni wa msiba na ugonjwa. Nilikuwa naifuatilia tamthilia ile mimi pia.

Tamthilia yenyewe ni Muhteşem Yüzyıl ya Uturuki, iliyorushwa kwao kuanzia 2011 hadi 2014. Sisi tuliipata ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili na tunaiita "Sultan" tu. Inasimulia utawala wa Sultan Suleiman. Kwa ambaye hakuitazama: Mahidevran ni mama wa Mustafa, mtoto mkubwa anayependwa na askari. Hürrem, Huremu kwa midomo ya kwetu, amekuja baadaye, ameuteka moyo wa Sultan, na ana wanawe anaotaka warithi kiti. Mkwewe Rüstem Pasha ndiye waziri mkuu. Anayejua historia anajua mwisho. Asiyejua alikuwa amemlea Mustafa miezi na miezi kama mtoto wa jirani.

Jambo la mwisho la usuli, na msilipite haraka. Miezi miwili kabla ya usiku huo, Mke Mkubwa aliomba mkopo wa 1,200,000. Kijana wake wa kwanza alitaka kununua taa na betri za kuvulia dagaa, aache kuvua kwa kibarua kwenye mitumbwi ya watu. Kamati ya kikundi ikaukataa. Katika daftari Katibu aliandika maneno mawili: "mkopo umekataliwa".

Usiku wenyewe

Ilikuwa Jumatano. Sebuleni walikuwamo kama kumi na tano, pamoja na watoto na majirani wawili wasio wanachama. Mwenyekiti ndiye aliyenisimulia, na baadaye wengine watatu wakanisimulia kila mmoja kwa namna yake, kwa hiyo naeleza yale waliyokubaliana.

Mustafa ameitwa na baba yake kambini. Watu wake wanamsihi asiende. Anakwenda, anaingia hemani bila silaha. Pale sebuleni mama mmoja muuza mawese akaanza kumwita, "Usiingie, baba, rudi!" Wale mabubu, wanyongaji wa Sultan, walipomrukia na kamba, kandambili ikaruka ikagonga ukuta juu ya televisheni. Wakalia kweli, kilio cha msiba, mpaka mjukuu wa Mwenyekiti aliyekuwa amelala chini ya meza akaamka naye akalia.

Mke Mkubwa hakulia. Alikunja mkeka wake, akaweka kikombe cha kahawa chini kikiwa nusu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu naye waliniambia aje ajieleze kwenye kamati. Akaja. Akajieleza." Akaaga, akaondoka. Mweka Hazina alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale.

Hakuna aliyeongea. Mwenyekiti anasema wakati huo ndipo alipojua kuwa kilio kile hakikuwa cha Mustafa peke yake.

Siku mbili zilizofuata

Kufikia Alhamisi mchana, pale mwaloni Mweka Hazina alikuwa ameshapewa jina: Huremu. Mwanzoni kwa mzaha. Kisha kwenye kundi la simu mtu akaweka picha ya Mahidevran akilia, bila maneno, na watu tisa wakaweka alama ya machozi. Mweka Hazina akaweka picha ya Hürrem akiwa na taji. Kwa maoni yangu hapo alikosea, ingawa namwelewa. Mtu akiitwa jina siku nzima, jioni anaweza kuamua kulivaa.

Ijumaa jioni habari ilikuwa imekamilika, na ilikwenda hivi: Mweka Hazina alimnong'oneza Mwenyekiti kwenye kamati ili mtoto wa mke mwenzie asipate taa, kwa sababu ana mtoto wake wa kiume anayemaliza kidato cha nne na anamtafutia mtaji. Kila kipande cha habari hii kilikuwa na kamba yake kwenye tamthilia. Hata Rüstem alipatikana: shemeji wa Mweka Hazina, dereva wa bajaji asiye na habari yoyote.

Jumamosi ya ufunguo

Mke Mkubwa alikuja mkutanoni na kanga mpya iliyoandikwa *Mchimba kisima huingia mwenyewe*. Ujiji watu wanasoma kanga kabla ya uso. Akakaa mbele.

Sanduku likaletwa. Ufunguo wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka. Mtunza ufunguo wa tatu, shoga wa Mke Mkubwa tangu utotoni, akasema amesahau ufunguo nyumbani. Akaombwa aende kuuchukua. Akasema nyumba imefungwa na mwenye nyumba kasafiri. Akaulizwa kasafiri wapi. Akasema, "Bursa," mji wa Uturuki alikozikwa Mustafa.

Wapo waliocheka. Wengi hawakucheka, maana giza lilikuwa limeingia. Wasiojua ziwa niwaeleze: dagaa wanavuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa, na siku hizo za giza ndizo mchuuzi anazonunulia. Kulikuwa na mama aliyekwishapitishiwa mkopo wa 400,000, akitarajia kuushika siku ile ile. Fedha zilikuwa mbele yake, ndani ya bati, na yeye anaangalia kufuli.

Mwenyekiti akanipigia simu. Nilikuwa Mwandiga kwenye kikundi kingine. Nilifika jua likizama.

Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutokata kufuli. Fundi alikuwa ameshaitwa, ana msumeno mkononi. Nilimrudisha. Sababu yangu: kufuli tatu ndiyo ahadi pekee ambayo kikundi kimeiweka kwenye chuma. Ukiikata mbele ya wanachama 24 kwa hasira ya siku moja, Jumamosi ijayo kila mmoja atajua kuwa inakatika. Mchuuzi tulimtafutia 150,000 kutoka mfukoni kwa Mwenyekiti, kwa hati ya mkono. Hazikutosha, lakini hakukaa bure.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa Mwenyekiti: tamthilia marufuku kwake mpaka mambo yatulie. Sikumpinga. Jumatatu usiku nusu ya wanachama walikwenda kutazama kwa jirani, nusu nyingine wakaenda kwa jirani wa upande wa pili. Kabla ya marufuku kulikuwa na sebule moja yenye watu walionuniana. Baada yake kukawa na sebule mbili ambazo hazisikilizani.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wangu, na ndio ninaoujutia kidogo na kuushukuru kidogo. Nilidhani watu wanagombana juu ya ukweli, kwa hiyo nikawatafutia ukweli. Kuna mwalimu mstaafu wa historia, mzee wa heshima, ambaye miezi ile yote alikuwa amegombana na nusu ya mtaa kwa sababu aliwaambia mapema, kwa kinyozi, kwamba Mustafa atakufa. "Mimi sikumuua," alikuwa akijitetea, "kafa 1553!" Nikamwomba aje Jumanne azungumze na akina mama.

Jumanne

Mwalimu alianza vizuri sana. Akaeleza kuwa Mustafa aliuawa kweli, tarehe 6 Oktoba 1553, karibu na Ereğli, jeshi likiwa njiani kwenda kupigana na Waajemi. Alikuwa mtu mzima wa miaka 38 hivi, amekwisha kuwa gavana Manisa, kisha Amasya. Askari walikasirika mpaka Rüstem Pasha akaondolewa uwaziri, ingawa miaka miwili baadaye alirudishwa. Mdogo wake Mustafa, Cihangir, alifariki wiki chache baada ya hapo, na watu wakasema ni huzuni.

Kisha akaeleza hofu ya Suleiman, na hapa alinishika hata mimi. Baba yake Suleiman, yaani Selim wa Kwanza, alimwondoa baba yake mwenyewe kwenye kiti mwaka 1512 kwa kuungwa mkono na askari. Kwa hiyo Suleiman aliposikia askari wanamtaka mwanawe, hakuwa anasikia hadithi ya mbali. Nyumbani kwao jambo hilo lilikuwa limeshafanyika, na lilikuwa limefanywa na baba yake mzazi.

Kama angeishia hapo. Lakini mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, bi mkubwa alinyang'anywa haki yake?" Naye Mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, akasahihisha: Mahidevran hakuwa mke wa ndoa. Alikuwa suria. Hürrem naye alianza kama mtumwa, lakini yeye aliachwa huru na Sultan akamwoa, jambo lililowashangaza watu wa Istanbul. "Kwa maana ya ndoa," akasema, "mke ni Huremu."

Alichosema ni sahihi. Na pale barazani kilitua kama kofi. Upande wa Mweka Hazina mtu akapiga kigelegele. Mke Mkubwa akasimama. Tena neno lenyewe, suria. Ujiji ni mwisho wa njia ile ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Watumwa na pembe walipita hapa, na zipo koo ambazo mpaka leo haziulizani bibi alifikaje. Neno hilo halitamkwi mbele ya kadamnasi likaelea hewani. Mimi ni mzaliwa wa mkoa huu, nilipaswa kumwonya Mwalimu kabla hajaketi.

Aliyetuokoa ni Mlezi wa kikundi, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye hakopi wala hahesabu, ananunua hisa moja kila wiki na kusinzia. Akasema, "Mwalimu, tuambie yule mama. Baada ya mwanawe kufa aliishije?"

Mwalimu akatulia. Akasema Mahidevran alikwenda kukaa Bursa, mwanawe alikozikwa. Mjukuu wake wa kiume naye akauawa. Akaishi kwa dhiki na madeni miaka mingi.

"Nani alimlipia madeni?" Bibi akauliza.

Mwalimu akajibu kuwa hali yake ilitengemaa baadaye, na kwamba Selim, mtoto wa Hürrem aliyekuja kurithi kiti, ndiye aliyempa riziki ya kuishi na kumjengea Mustafa kaburi. Mahidevran alifariki 1581, amewazika wote: Hürrem, Sultan, na hata Selim mwenyewe.

"Mtoto wa yule," Bibi akasema, kana kwamba anahakikisha.

"Ndiyo, mama. Mtoto wa yule."

Kukawa kimya. Bibi akamgeukia Katibu: "Leta daftari. Tusome la kwetu sasa, la Waturuki tumelisikia."

Daftari likasomwa. Mke Mkubwa, siku ya maombi: hisa 155. Mara 2,000 ni 310,000. Mara tatu ni 930,000. Ombi: 1,200,000. Lilizidi kwa 270,000, likakataliwa. Mweka Hazina hakuwa amesema neno siku ile, na wanakamati wote watano walithibitisha, mmoja kwa kuapa ingawa hakuna aliyemtaka aape.

Nilidhani yameisha. Ndipo Mke Mkubwa akasema jambo ambalo sote hatukuwa tumelifikiria: "Laki tisa na thelathini ningeichukua. Hakuna aliyeniambia ipo."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kamati ilikataa 1,200,000 na kwenda kwenye ajenda inayofuata. Hakuna aliyesema, "Mama, hii huwezi, ila hii unaweza." Kijana alikaa miezi miwili akivua kwa kibarua kwa sababu ya sentensi ambayo haikutamkwa.

Mtunza ufunguo wa tatu akafungua pindo la kanga yake. Ufunguo ulikuwa pale, umefungwa fundo, na nadhani ulikuwa pale tangu Jumamosi.

Matokeo

Sanduku lilifunguliwa Jumanne ile ile. Mchuuzi wa dagaa alipata fedha zake akiwa amepoteza siku tatu za giza. Mke Mkubwa alikopeshwa mwezi uliofuata, na kijana ana taa zake. Mtunza ufunguo alitozwa faini ya 5,000 na akabadilishwa. Mwanachama mmoja alijitoa. Alisema hawezi kukaa kikundi kimoja na watu waliomcheka Mwalimu, sababu ambayo siiamini.

Mweka Hazina alimaliza mzunguko kisha akakataa kugombea tena. Jina la Huremu halijamtoka. Yeye na mke mwenzie wanasalimiana kama zamani, wala sijui kama kuna zaidi, na si kazi yangu kujua.

Uchambuzi

Kwanza niwatetee akina mama, maana kuna mwenzetu niliyemsimulia akacheka, eti watu wazima wanamlilia mtu wa kwenye runinga. Uturuki kwenyewe, sehemu hiyo iliporushwa Februari 2014, watu walimiminika Bursa kwenye kaburi la Mustafa, wakaomba dua. Na tamthilia ilipoanza 2011, malalamiko yalifika kwa maelfu kwenye mamlaka ya utangazaji, eti Sultan anaonyeshwa akiwa nyumbani na wanawake badala ya vitani. Ikiwa wenye historia yao wanafanya hivyo, Ujiji tuna nini cha kuona haya?

Kilichoharibika kilianzia kwenye daftari. "Mkopo umekataliwa" ni maneno mawili yasiyo na sababu, na sababu isipoandikwa itaandikwa na mtu mwingine. Safari hii iliandikwa na watunzi wa Istanbul. Ugomvi ulikuwa umelala miezi miwili bila sura. Tamthilia ikaupa sura, majina, na hata hema. Katibu aliandika hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuandika kwa kifupi. Nilikuwa nahofia daftari kujaa mapema.

Marufuku ya televisheni ilishindwa kwa sababu ilifunga mahali pekee ambapo pande mbili zilikuwa zinaonana. Ningekuwa na nafasi tena, ningeomba watazame pamoja kila usiku wa wiki ile, wanune wakiwa kwenye mkeka mmoja.

Kuhusu Mwalimu, nimelifikiria sana. Maelezo yake ya kwanza, tarehe na mahali, hayakumtuliza mtu yeyote. Ya pili, kuhusu suria, yaliwasha moto. Ya tatu, kuhusu uzee wa Mahidevran, yalizima moto. Yote matatu yalikuwa historia ya kweli, kutoka kwa mtu yule yule, katika saa moja. Nionavyo, tofauti ilikuwa kwa muulizaji. Swali la kwanza lilitafuta nani mwenye haki. La Bibi lilitafuta mama yule alikula nini, na hilo kila mwanamke aliyekuwa pale analijua kwa mwili wake, awe mkubwa au mdogo. Tukimwita mtaalamu tena, nitamtanguliza Bibi na maswali yake, mtaalamu afuate.

Kutokata kufuli kulifanya kazi, lakini nisijisifu. Kama mtunza ufunguo angekuwa ameutupa ziwani, ningekuwa naandika kisa kingine.

Mfuko wa jamii haulipi tena kifurushi. Anayetaka kutazama anatoa 500 mlangoni kwa Mwenyekiti, na akina mama wanasema televisheni sasa imekuwa na adabu zaidi. Kwenye daftari la mikopo Katibu amechora safu mpya kwa rula na kalamu nyekundu: "Anaweza kupata hadi". Inajazwa kabla ombi halijajadiliwa.

Mwezi uliopita Mwenyekiti alinipigia tena. Wanakaribia mwisho wa tamthilia, na Mwalimu, ambaye siku hizi anauliza "Niseme au nisiseme?" kabla ya kufungua mdomo, amewaambia kuwa bado yupo mtoto mwingine wa Sultan wa kuuawa, Bayezid. Huyu ni wa Hürrem.

"Nihamishe mkutano?" Mwenyekiti akaniuliza.

Nikamuuliza Mke Mkubwa anasemaje.

"Yeye kasema atakuja na mkeka wake, na wa mwenzie."